Giveaway ni nini hasa? Maswali tunayoulizwa mara kwa mara Mtwara na Lindi

Neno hili liliingia kwetu kwa njia ya simu: fulani anatoa giveaway ya khanga, fulani anatoa ya bando. Baadaye watu wakaanza kukutana nalo kwenye mtihani, kwenye kiwanda cha korosho na kwenye utangazaji wa mpira, na kila mahali likawa na sura nyingine. Haya ndiyo maswali yanayorudi zaidi. Si lazima uyasome kwa mpangilio, nenda kwenye lako.

Giveaway kwa Kiswahili ni nini?

Inategemea kitu kimetokaje mkononi. Kama mwenyewe amekitoa kwa kupenda, ni zawadi ya bure, mgao wa bure, au kwa lugha ya mtaani, bwerere. Kama kimemponyoka, basi ni kile kilichomuumbua: ishara, kosa au alama iliyotoboa siri yake. Hizo ndizo maana mbili mama. Nyingine zote, za bei, za mizani, za mpira, zimezaliwa humo.

Kwa hiyo mtu akikuuliza maana ya neno hili, mwombe kwanza sentensi nzima. Ukimjibu "zawadi" bila kuiona sentensi, unaweza kumpoteza kabisa.

Imekuwaje neno moja libebe zawadi na pia siri kuvuja?

Kwa sababu kitenzi kilichozaa neno hili maana yake ni kutoa kitu kikaenda zake. Ukitoa shati, shati limeondoka. Ukitoa siri, siri nayo imeondoka, hata kama hukukusudia. Kama nomino, lilianza kuandikwa Marekani miaka ya 1870, na lilianza na hiyo maana ya siri kuvuja. Zawadi za bure za wafanyabiashara zilifuata baadaye. Sisi tumelipokea kinyumenyume: ya zawadi tunaijua wote, ile ya siri inawasumbua wanafunzi.

Mwanangu yuko kidato cha pili. Ameletewa sentensi "The stain on his shirt was a dead giveaway", akaandika "shati lilikuwa zawadi ya marehemu". Mwalimu kampa sifuri. Sahihi ni ipi?

Mwalimu yuko sahihi, ila mtoto hakuwa mjinga, alitafsiri neno kwa neno. Hapo "dead" halina uhusiano na kifo, linakazia tu: kabisa, bila shaka. Sentensi inasema doa kwenye shati ndilo lililomuumbua waziwazi.

Kumweleza mtoto wa huku ni rahisi. Mwambie afikirie mtoto aliyekatazwa kwenda kwenye mikorosho ya babu. Anarudi, amenawa mikono, amefuta mdomo, anasema alikuwa mpirani. Lakini kifuani ana doa la kahawia la maji ya bibo (tunda la mkorosho), lile ambalo hata ulifue kwa sabuni ya mche mara tatu haliondoki. Doa hilo ndilo giveaway. Na kama alijaribu kumenya korosho mbichi kwa meno, midomo itakuwa imebabuka kwa mafuta ya ganda, hiyo nayo ni giveaway ya pili. Harufu ya uraka, ile pombe ya mabibo, kwa mtu aliyesema katoka msikitini, hiyo ni ya tatu.

Tafsiri zinazokaa vizuri: "kilichomuumbua ni...", "kilichotoboa siri ni...", "hapo ndipo alipojichoma". Kitenzi chake kinafuata njia hiyohiyo: "his accent gave him away" ni "lafudhi yake ilimuumbua". Usiandike "lafudhi yake ilimtoa", maana msomaji atauliza ilimtoa wapi.

"Giveaway price" je? Ni bei ya bure?

Si bure, ni bei ya kutupa. Kitu kinauzwa chini mno ya thamani yake hadi inaonekana kama mwenyewe amekigawa. Angalia anayesema. Mnunuzi akisema hivyo anajisifu kapata chee. Muuzaji akisema hivyo analalamika.

Kusini mfano wake mzuri ni kangomba, yaani kununua korosho za mkulima kwa magendo. Mkulima ameishiwa mwezi mmoja au miwili kabla ya mnada, mtoto anatakiwa shule, mtu anakuja usiku na chombo chake cha kupimia na fedha taslimu. Korosho zinaondoka kwa bei ambayo mnadani ungeicheka, na kipimo chenyewe kimejazwa kichuguu. Biashara hiyo imepigwa marufuku, na ununuzi halali unapita AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) na stakabadhi ghalani, lakini tukiongelea neno tu, hakuna mfano ulio wazi kuliko huo: mali ya jasho imetoka kama zawadi, na aliyeitoa hakupenda. Mwaka 2018 wakulima wa huku walizikataa bei za minada ya mwanzo kwa hoja hiyohiyo, kwamba hiyo ni kugawa bure. Novemba ya mwaka huo Rais John Magufuli akatangaza kuwa serikali itanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo.

Giveaway ina tofauti gani na ofa, promosheni, nyongeza na bakshishi?

Watu wanayachanganya, na kwenye tangazo la biashara mchanganyo huo unaleta ugomvi na wateja. Ofa ina masharti ya kununua: nunua mbili upate ya tatu. Promosheni ni kampeni nzima, na giveaway inaweza kuwa kipande chake. Nyongeza ni ile ya sokoni, umepimiwa dagaa kisado kimoja, unasema "mama, niongezee basi", naye anachota kiganja kimoja anakurushia juu. Hiyo ndiyo giveaway ya zamani kuliko zote pwani hii, ila haina tangazo wala mshindi, kila mteja anapata kidogo. Bakshishi inakuja baada ya huduma.

Takrima iko mbali zaidi. Mgombea akigawa khanga na mchele wakati wa kampeni, usiite giveaway ukadhani umeisafisha. Sheria ya Uchaguzi iliwahi kuwa na vifungu vilivyoiruhusu takrima, na Mahakama Kuu ikavibatilisha mwaka 2006.

Nina duka la khanga na vitenge Masasi. Nataka kutoa giveaway mtandaoni. Nianzie wapi?

Anza na hesabu, si na picha. Tuseme unatoa doti 5, na kila doti imekusimamia kwa shilingi 12,000. Hiyo ni 60,000. Ongeza nauli ya parseli kwa washindi walioko Newala, Nachingwea au Kilwa, maana wengi wanasahau kuwa zawadi haijifikishi yenyewe. Ongeza bando la kutangaza. Kama jumla inakukosesha usingizi, toa doti 2. Doti 2 zilizowafikia wenyewe zinakujenga kuliko 10 ulizoahidi zikabaki dukani.

Kisha andika masharti kabla ya kutangaza, na yakae kwenye tangazo lenyewe. Yawe na mambo haya: zawadi ni nini hasa (khanga aina gani, doti ngapi), nani anaruhusiwa kushiriki, anashirikije, mwisho ni siku gani na saa ngapi, mshindi atapatikanaje, atatangazwa wapi, nani analipa usafiri, na mshindi asipopatikana itakuwaje. Saa iandike kwa namna isiyo na utata. Ukiandika "mwisho saa 6", mmoja ataelewa mchana, mwingine usiku wa manane. Andika "saa 6:00 usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi".

Siku tatu mpaka saba zinatosha. Ikizidi hapo watu wanasahau, na wewe unajibu maswali yaleyale kila asubuhi.

Kuna masharti ya mitandao yenyewe ambayo wengi wanayavunja bila kujua. Facebook hairuhusu umlazimishe mtu kusambaza tangazo kwenye ukurasa wake binafsi ndiyo ahesabiwe mshiriki. Instagram inakataza kuwaambia watu wamtagi mtu kwenye picha ambayo hayumo, na inataka useme wazi kuwa shughuli hiyo haikudhaminiwa nao wala haiwahusu. Kuwaambia waandike maoni au wabonyeze kupenda kunakubalika.

Wakati nao una maneno. Oktoba hadi Desemba, malipo ya korosho yakiwa yanaingia, watu wako mjini na wananunua, giveaway yako itashindana na kelele za kila duka. Februari na Machi, mvua ikiwa imeshika na mifuko imekauka, tangazo la kitu cha bure linasikika mbali zaidi. Mauzo ya siku hiyo yatakuwa madogo, lakini majina utakayokusanya utayatumia msimu ukifika.

Tukishagusa majina: namba za simu za washiriki ni taarifa binafsi, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Usiwaombe namba ya NIDA kwa ajili ya khanga. Usiitoe orodha kwa mwenzako mwenye duka la viatu. Na usibandike namba kamili ya mshindi hadharani, tarakimu tatu za mwisho zinatosha.

Je, inahitaji kibali?

Inategemea kama kuna bahati ndani yake. Ukigawa vikombe kwa wateja 50 wa kwanza, hapo hakuna bahati, kuna kuwahi tu. Lakini ukikusanya watu, ukachezesha droo na mmoja akaondoka na pikipiki, umeingia kwenye bahati nasibu, na bahati nasibu zinasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania chini ya sheria ya mwaka 2003. Ndiyo maana kwenye droo za kampuni kubwa unamwona ofisa wa Bodi amekaa pembeni. Ukiona mpango wako unadai mtu anunue kwanza ndiyo aingie kwenye droo, wasiliana na Bodi kabla ya kutangaza. Barua moja ya kuuliza ni nafuu kuliko kujieleza baadaye.

Mashindano ya ujuzi, kwa mfano picha bora ya mapishi ya pweza, hayategemei bahati, ila unatakiwa kusema mapema nani anahukumu na kwa vigezo gani.

Kuchagua mshindi: vikaratasi au kompyuta?

Vyote vinafaa, na vyote vina namna yake ya kuharibika.

Vikaratasi: kata vipande vinavyolingana kutoka karatasi ya aina moja, kunja vyote mara mbili kwa namna moja. Kilichokunjwa kinene hupanda juu ndoo ikitikiswa, na mkono hukigusa kwanza. Tumia ndoo ya lita 20 na usiijaze zaidi ya nusu, ikijaa haichanganyiki, inageuka juujuu tu. Koroga kwa mkono hadi chini kabla ya kila mshindi, siyo mara moja mwanzoni. Anayechota awe mteja au mpita njia, asiwe mtu wa dukani.

Kompyuta au simu: panga majina kwenye jedwali, kila mmoja na namba yake, 1 hadi mwisho. Ondoa waliojirudia. Kama wako 340, andika kwenye seli tupu =RANDBETWEEN(1,340) kisha bonyeza. Kosa la kawaida ni kwamba fomula hiyo inabadilisha jibu kila ukigusa jedwali. Mtu anaona 87, anaandika jina la mshindi, jedwali linageuka 212, na video inaonyesha 212. Isome namba kwa sauti mara moja ikitokea, na iandike kwenye karatasi mbele ya kamera kabla hujagusa kitu kingine.

Rekodi video bila kukata, kuanzia orodha au ndoo ikionyeshwa hadi jina la mwisho. Chagua washindi na akiba wawili. Mshindi apewe saa 48 kujibu, akinyamaza nenda kwa akiba wa kwanza. Akikabidhiwa, piga picha kwa ridhaa yake. Akikataa picha, zawadi bado ni yake.

Nimepigiwa simu, nimeshinda giveaway ya milioni moja. Wanasema nitume elfu 20 ya kufungulia zawadi. Nifanyeje?

Usitume. Zawadi inayodai malipo kwanza si zawadi. Ni jamaa yake na ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", tofauti ni nguo tu. Wataita ada ya usajili, kodi, nauli ya dereva au bima, na ukituma ya kwanza itakuja ya pili, kwa sababu sasa wanajua unatuma.

Namna nyingine haiombi hela, inaomba "namba iliyoingia kwenye SMS ili tuthibitishe ushindi". Tarakimu hizo sita ni za kusajili WhatsApp yako kwenye simu nyingine. Ukizitaja, ndani ya dakika chache ndugu zako wa Tandahimba na Liwale wanaombwa mikopo kwa jina lako. Kinga yake iko ndani ya WhatsApp yenyewe: fungua mipangilio, akaunti, kisha uthibitishaji wa hatua mbili, weka namba yako ya siri.

Ya tatu ni kiungo cha bando la bure kinachokutaka usambaze kwenye magrupu 10. Bando halipo. Wanachovuna ni matangazo unayofunguliwa na namba unazowapelekea.

Dalili zinazowaumbua (na hapo maana ya pili ya neno inarudi yenyewe): ukurasa una jina la kampuni au msanii lakini umeongezwa herufi au kistari, picha zote zimewekwa wiki moja, maoni ya "nimepokea, asanteni" yanafanana hadi nukta, na wanakuharakisha. Mitandao ya simu hapa nchini huwapigia wateja kwa namba 100. Aliyekupigia kwa namba ya kawaida akajiita huduma kwa wateja, kata.

Wala usidhani wanaodanganywa ni watu wa vijijini tu. Julai 2020 matapeli waliteka kurasa za Twitter za akina Barack Obama, Bill Gates na Elon Musk, wakaandika kuwa ukituma bitkoini utarudishiwa mara mbili. Ndani ya saa chache walivuna zaidi ya dola 100,000.

Nimeshatuma. Zinarudi?

Wakati mwingine, ukiwahi. Piga 100 ya mtandao wako hapohapo, toa namba ya muamala, omba uzuiwe. Inashindikana pale mpokeaji akishatoa kwa wakala, na wao hutoa haraka. Namba ya tapeli itume kwenda 15040. Kisha nenda kituo cha polisi na SMS zote, usizifute kwa hasira, uchukue RB (namba ya taarifa yako polisi). Piga pia *106# uangalie kama kuna laini usiyoijua iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Nimeajiriwa kwenye ubanguaji wa korosho. Bosi analalamika kwamba "giveaway imekuwa kubwa" wakati hatugawi kitu. Ana maana gani?

Anaongelea mizani. Katika ufungashaji, giveaway ni uzito unaozidi ule ulioandikwa kwenye pakiti. Pakiti imeandikwa gramu 250, ndani kuna 256. Hizo 6 mteja amepewa bure. Ukifunga pakiti 4,000 kwa siku, umetoa kilo 24 bila kujua.

Kwenye korosho tatizo lina chanzo cha asili: punje haigawanyiki. Daraja la W320 lina punje kama 320 kwa ratili (karibu gramu 454), hivyo punje moja nzima ni takriban gramu 1.4. Kwenye W180 ni gramu 2.5. Ukiwa umefika 249, punje inayofuata inakuvusha, huwezi kuikata. Kwa hiyo ziada ya gramu moja au mbili ni halali ya kazi. Ziada ya 6 ina sababu nyingine: mizani haikurudishwa sifuri asubuhi, meza inayumba, feni inapuliza sahani ya mizani hivyo namba zinacheza na mfungaji anaongeza punje ili awe salama, au wafungaji wamezoea "kuweka ya juu kidogo".

Dawa si kuwaambia wapunguze kwa jicho. Weka mfuko mtupu kwenye mizani, bonyeza sifuri, ndipo ujaze. Usipofanya hivyo mfuko unahesabiwa kama korosho, pakiti inapungua, na kupunja uzito ni kosa ambalo Wakala wa Vipimo hawalicheki. Pima pakiti 10 kila saa, andika, tafuta wastani. Wastani ukipanda, tafuta meza ipi, si mtu yupi, angalau kwa kuanzia.

Mtangazaji wa mpira akisema "a terrible giveaway"?

Zawadi isiyokusudiwa. Beki pale Nangwanda Sijaona anamrudishia kipa pasi fupi, mshambuliaji anaiwahi, goli. Sisi tunasema kafanya boko. Kwenye hoki ya barafu wanaandika hadi takwimu ya mara ngapi mchezaji amempa mpinzani kwa namna hiyo.

Kwenye ndoa, "to give away the bride" ni kumgawa binti bure?

Hapana, na usitafsiri hivyo mbele ya wazazi. Ni kumkabidhi bibi harusi, kazi ya baba au anayekaimu. Kwenye ndoa ya Kiislamu neno letu ni kuozesha, na mwenye kazi hiyo ni walii. Kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, ambao kwa asili ukoo unafuata upande wa mama, mjomba ana neno zito hapo, basi uliza kwanza nani anakabidhi kabla hujaandika "baba".

Kuna watu ambao giveaway kwao ni sherehe?

Wapo. Walakota wa Marekani Kaskazini, mtu akifariki, familia yake hukusanya vitu kwa takriban mwaka, hasa mablanketi yenye mshono wa nyota, kisha huvigawa kwa waliokuja. Ni kinyume cha msiba wetu, ambapo wafiwa ndio wanaopokea ubani. Pwani ya magharibi ya Kanada kuna sherehe ya namna hiyo iitwayo potlatch, ambapo heshima ya mkubwa hupimwa kwa alivyogawa. Serikali ya Kanada iliipiga marufuku mwaka 1885, ikaondoa katazo mwaka 1951.

Ile alama ya barabarani ya pembetatu iliyogeuzwa kichwa chini, ni "give away"?

Siyo. Ni "give way", toa nafasi: aliye kwenye barabara kubwa apite kwanza. Vijana wa bodaboda wanaojiandaa na mtihani wa leseni wanaliandika vibaya kila mara.

Nikiandika kwa Kiswahili, nasema "giveaway hii" au "giveaway huyu"?

"Giveaway hii", wingi "giveaway hizi", kama ilivyo kwa ofa na droo. Kitenzi usikilazimishe, "tunatoa giveaway" inatosha. Na kama tangazo ni la watu wa soko la samaki asubuhi, andika tu "tunagawa bure", utaeleweka kabla hawajamaliza kupara samaki wa kwanza.